Kukodisha shamba kwa fedha au kwa mgawano wa mavuno (Njombe)

Mwenye shamba, Iringa mjini
Habari zenu ndugu. Nina ekari nne wilayani Wanging'ombe nilizorithi kwa marehemu baba, lakini kazi hainipi nafasi ya kuzilima. Kijana wa jirani ameomba alime mahindi na viazi kwa nusu kwa nusu, na ekari moja apande parachichi. Ndugu zangu wananionya kwamba akikaa muda mrefu atadai shamba ni lake. Je, nimkodishie kwa fedha taslimu au nikubali mgawano?

Mkulima wa viazi
Dada yangu, kabla ya kutaja nusu, kubalianeni kwanza ni nusu ya nini. Mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, dawa ya ukungu na vibarua wa palizi vikitoka mfukoni mwake peke yake, kisha ukachukua nusu ya magunia yote, utakuwa umemwachia kijana huyo jasho tupu. Gharama zitolewe kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe, tena kwa kilo na si kwa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Fedha taslimu ni rahisi kwako, ila mvua ikigoma au ukungu ukiingia, hasara yote ni yake.

Mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji
Hofu ya ndugu zako inaeleweka, lakini mahakama zetu zimekwisha kusema mara nyingi kwamba mwalikwa, yaani mtu aliyekaribishwa kutumia ardhi ya mwingine, hageuki kuwa mmiliki kwa sababu tu ya kukaa muda mrefu. Shida tunayoiona barazani ni kukosekana kwa ushahidi wa nani alimkaribisha nani, kwa hiyo andikeni mkataba, mashahidi wa pande zote mbili wasaini, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Kama huna hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, anza kuifuatilia sasa.

Parachichi iwe na mkataba wake. Mche wa kubebesha (uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine) huanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu au minne, hivyo kumpa mtu msimu mmoja mmoja huku akitunza miti ni kumdhulumu. Mkataba utaje miaka, aliyenunua miche, na fidia atakayolipwa ukiitaka ardhi mapema.

Mwenye shamba
Asanteni sana. Miche nitanunua mimi, na viazi tutagawana baada ya kutoa gharama. Nitashuka kijijini kuzungumza naye mbele ya wazazi wake kabla mvua za Novemba hazijaanza.