Mjadala: Namba ya ugumu (CR) kwenye D&D inatusaidia au inatupoteza?

Wakuu habari za jioni. Kwenye kundi letu la kucheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kusimulia, kila mtu anacheza mhusika wake) tumebishana wiki nzima, nikaona tuilete hapa. Jamaa mmoja anasema CR ni takataka, DM (anayeendesha mchezo) aitupe awe anasoma tu sura za wachezaji. Mwingine anasema ukitoka nje ya CR unaonea watu. Mimi siko na yeyote kati yao.

Kwa wageni: CR ni namba anayopewa kila zimwi. CR 3 maana yake wahusika wanne wa ngazi ya 3, wamepumzika vizuri, wana vifaa vyao, wanatakiwa kumshinda huyo zimwi mmoja bila mtu kufa. Hayo masharti ndo watu wanayaruka, wanabaki na namba tupu.

Chukua gobilini wa XP 50 (alama za uzoefu mnazopata mkimshinda), weka wanne mbele ya wahusika wanne wa ngazi ya 1. Kitabu cha DM cha 2014 kinakwambia jumlisha upate 200, halafu kwa sababu mazimwi wako kati ya 3 na 6 zidisha mara 2, inakuwa 400, na hapo umeshaingia daraja la juu kabisa, lile la kuua. Kitabu cha 2024 kimefuta kule kuzidisha, kwahiyo unabaki na 200, ambayo kwa timu hiyohiyo ni daraja la chini kabisa!! Sasa niambieni mwenye kuanza leo amwamini nani.

Mimi hii kitu iliniuma mapema. Mara yangu ya kwanza kuendesha mchezo kama DM, timu ikiwa ya ngazi ya 1, niliweka vivuli viwili, kila kimoja CR 1/2, nikapiga hesabu ya 2014 ikatoka 300, yaani pambano gumu lakini sio la kuua, nikaridhika. Kumbe kivuli kikikupata hakikati HP (alama za uhai) peke yake, kinakula na nguvu zako kwa dadu la pande 4, zikifika sifuri umekufa hata kama HP bado unazo. Mchawi wetu alikuwa na nguvu 8. Akaguswa mara mbili, 4 na 4, kwisha. Dada aliyekuwa anamcheza alikuwa ameandika historia ya yule mchawi kurasa tatu, akafunga daftari hakusema kitu mpaka tunaondoka. Namba haikuwa ya uongo, ila haikuniambia zimwi anaua VIPI, na hilo ndo nilihitaji kujua.

Halafu kuna suala la siku nzima. Kitabu cha 2014 kilichukulia timu inapigana mara 6 hadi 8 kabla ya kulala. Nani anacheza hivyo? Wengi tunapigana mara moja au mbili, wachawi wanamwaga uchawi wao wote kwenye pambano moja, tunalalamika zimwi ni laini.

Kwahiyo hoja yangu: anayeandika safari za kuchezwa aache kuweka "ngazi 1 hadi 4" peke yake. Aseme amehesabu mapambano mangapi kabla ya kulala, kipi kinaua bila kupitia HP, na wapi timu inaweza kukimbia. Mistari mitatu tu.

Nyie wa Pathfinder ya 2019 (mchezo mwingine wa aina hii), kwenu zimwi mmoja akizidi timu kwa ngazi 4 anahesabiwa hatari ya mwisho kabisa. Mezani inatokea kweli hivyo? Leteni mifano ya mapambano mliyocheza wenyewe.