Tupeane uzoefu: mtoto akishaanza kutambaa, nyumbani mnaishije?

Mama Kibonge: Habari zenu wapendwa. Binti yangu wa miezi minane ameanza kutambaa, hakuna kinachobaki mahali pake. Leo nimemkuta uvunguni anatafuna kandambili. Bibi yake anataka tumnunulie kigari cha kutembelea ili miguu ipate nguvu, wifi anasema nimbebe tu mgongoni mpaka nimalize kazi. Mliopitia haya, mlifanyaje?

Shangazi wa Ilala: Kigari achaneni nacho. Kanada walivipiga marufuku mwaka 2004, watoto walikuwa wanaporomoka navyo kwenye ngazi. Na hakimfundishi kutembea, anasukuma kwa ncha za vidole basi. Wangu nilimtandikia mkeka, pembeni nikaweka stuli nzito ya mninga. Anaishika, anasimama dede, anakaa pwaa! Anarudia. Nyumba nzima tunaitikia "dede! dede!" Baadaye akawa anaizunguka stuli mwenyewe.

Baba Pacha: Wangu mmoja alitambaa, mwenzake alisota kwa makalio mpaka akasimama. Majirani wakamwona mgonjwa. Nesi wa kliniki ndiye aliyetutoa hofu. WHO walifuatilia watoto wa nchi tano, Ghana na Oman zikiwemo, na wapo waliotembea bila kutambaa kwa magoti kabisa. Kutembea wenyewe, wengine waliwahi miezi 8, wengine walifika 17. Nesi alituambia tuwahi hospitali tukiona mtoto anatumia upande mmoja tu wa mwili, au ameacha kitu alichokuwa anakiweza.

Mpishi wa Tanga: Mimi nilimpa kapu lake: kisufuria, mwiko, mfuniko wa plastiki. Mama anamenya vitunguu, mtoto anapiga ngoma. Mfichie kijiko chini ya kanga anaona, umuulize "kijiko kiko wapi?" Siku atakayoifunua kanga mwenyewe, utacheka. Ameshajua kuwa kitu kikifichwa hakijapotea.

Mpangaji: Michezo sawa, ila mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yaondoke leo. Mtaani kwetu mtoto aliyanywa, watu wakataka kumtapisha. Bahati jirani mmoja ni muuguzi, akawakemea: yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu. Akakimbizwa hospitali vilevile, akapona. Ndoo za maji zifunikwe, hata yenye maji kidogo. Na zile betri bapa za saa na rimoti, akimeza ni hospitali saa hiyohiyo, zinaunguza koo. Usisubiri itoke na choo.

Mama Kibonge: Asanteni sana, chupa nimeshaitoa. Bibi nimemsomea habari za Kanada, anasema huko wana ngazi, sisi nyumba yetu ya chini. Nimjibu nini?

Shangazi wa Ilala: Mwulize jiko la mkaa analiweka wapi. Kigari kina magurudumu, kitamfikisha hapo kabla hujageuza shingo.