Vakyumu ya laki tatu na themanini na tano inayonuka mkojo wa paka, na duka lisilouza kichujio chake

Wanajukwaa, shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari za jioni. Nimechelewa kuufungua uzi huu kwa sababu nilikuwa nasubiri hasira zipungue, lakini wiki tatu zimepita na hazijapungua, kwa hiyo nauandika hivyo hivyo. Mwezi wa Januari nilinunua mashine ya kufyonza vumbi katika duka moja la vifaa vya umeme hapa Dar es Salaam kwa shilingi 385,000, nikiwa nimeahidiwa kwa mdomo wa muuzaji na kwa maandishi ya boksi kwamba ni maalumu kwa nyumba zenye wanyama na kwamba inaondoa harufu. Leo zulia langu halinuki, kochi halinuki. Kinachonuka ni mashine yenyewe, na duka lililoniuzia halina kichujio cha kubadilisha, halijawahi kukileta, na ushauri pekee walionipa ni kwamba nipulizie marashi.

Wale wenye haraka ya kusema "toa paka nje" naomba wavute subira. Nyumbani tuna paka wawili, jike wa siku nyingi na dume ambaye hajahasiwa, na kosa hilo la kutomhasi nalibeba mwenyewe. Mkojo wa dume wa namna hiyo una kiambata kiitwacho felinini, ambacho kikivunjika hutoa gesi zenye salfa, na ndiyo maana harufu yake haifanani hata kidogo na ya mtoto aliyelowesha godoro. Urea nayo hushambuliwa na bakteria ikageuka amonia, ile inayochoma puani. Mwezi wa Februari dume huyo alikojoa mara mbili kwenye zulia la sebuleni. Nilifyonza majimaji kwa matambara, nikalifua zulia, nikalianika juani siku tatu, ndipo nikapitisha mashine, kwa sababu kitabu cha maelekezo kinakataza kuipitisha penye maji, na mimi sina hamu ya kupigwa shoti. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia kwamba niliitumia vibaya.

Machi ilipita salama. Mvua za masika ziliposhika Aprili, mambo yakabadilika, na sasa ninaelewa kwa nini. Ndani ya chombo cha vumbi na kwenye vichujio kulikuwa kumejikusanya manyoya, ngozi iliyopukutika, unga wa ule mchanga wanamojisaidia paka, na mabaki makavu ya mkojo yaliyokuwa yamebaki ndani ya nyuzi za zulia. Kiangazi vitu hivyo vinakaa kimya. Unyevu wa masika ukiingia, mabaki ya mkojo yanavuta maji kutoka hewani, bakteria wanaamka, na uozo unaanza upya ndani ya plastiki iliyofungwa, kabatini, gizani. Ukiiwasha mashine, mota inapata joto, na hewa yote iliyopita kwenye taka zile inatokea nyuma ikiwa ya vuguvugu na kusambazwa chumba kizima. Dakika ya kwanza husikii kitu. Dakika ya pili mwanangu mdogo anaziba pua na kuuliza paka amekojoa wapi.

Jumapili moja nilitandika magazeti barazani nikaifungua yote. Brashi inayozunguka ilikuwa imevishwa manyoya na nywele zetu sisi wenyewe, zimejiviringa kwa kubana kama uzi kwenye bobini ya cherehani, ikabidi nichane kwa wembe huku nikiogopa kukata mkanda. Chini ya manyoya yale palikuwa na utando wa kijivu, laini, wenye unyevunyevu, na hapo ndipo harufu ilipoanza kunipanda. Sponji inayokaa mbele ya mota niliikamua kwenye beseni na maji yakatoka rangi ya chai ya rangi iliyolala. Kisha nikachomoa kile kichujio cha nyuma, cha karatasi iliyokunjwakunjwa, nikakisogeza puani, na naomba mniamini kwamba machozi yalinitoka. Vipande vingine vyote nilivifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikavianika siku mbili nzima kabla ya kuvirudisha, kwa sababu sponji ikirudishwa na unyevu huota ukungu na ukaongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza. Kichujio cha karatasi hakifuliki. Kitabu kinasema wazi kwamba kinabadilishwa, na kinataja namba ya spea.

Nikaenda dukani na namba hiyo. Kijana wa kaunta aliitazama, akaingia ndani, akarudi na kuniambia: "Dada, hiyo haiji." Nikamuuliza haiji lini. Akajibu kwamba haiji kabisa, wao wanaleta mashine, vichujio hawaleti, kwa sababu watu hawaviulizi. Nilipomkumbusha kwamba nina dhamana ya mwaka mmoja, akamwita meneja, naye meneja akanieleza, huku akijibu simu nyingine, kwamba dhamana inahusu mota tu, kwamba mota inazunguka, na kwamba mashine haina kosa, kosa ni la paka. Akamalizia kwa kunishauri nipulizie marashi kwenye kichujio, na bila aibu akanionyesha chupa ya marashi ya shilingi 12,000 wanayoiuza rafu ya pili.

Hebu tulitazame hilo boksi lao. Neno HEPA, yaani kichujio cha kunasa chembe ndogo sana za vumbi, limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la mashine. Vichujio vya aina hiyo vilibuniwa Marekani miaka ya 1940, wakati wa mradi wa bomu la atomiki, ili kuzuia chembe zenye mionzi zisisambae hewani, na kile kinachostahili jina hilo kwa kipimo cha Marekani hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikromita 0.3. Siidharau kazi hiyo, hasa kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu. Lakini harufu ni gesi, na gesi hupita kwenye kichujio hicho kama moshi unavyopita kwenye chandarua. Chenye uwezo wa kunasa gesi ni mkaa uliosindikwa maalumu, wenye vitundu vidogo mno kiasi kwamba gramu moja tu ina eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 500, mkaa wa namna ile ile uliowekwa kwenye barakoa za kujikinga na gesi katika Vita Kuu ya Kwanza. Kichujio changu nimekigeuza pande zote na hakina hata punje moja ya mkaa huo. Na hata kingekuwa nao, mkaa huo nao hujaa na kuchoka, kwa hiyo tungerudi pale pale kwenye swali la spea. Muuzaji anayeandika "inaondoa harufu" juu ya mashine isiyo na kitu cha kunasa harufu, kisha akakosa hata karatasi ya kubadilisha, amenidanganya mara mbili.

Kuhusu marashi nitasema kidogo tu. Ukipulizia manukato juu ya kichujio kilichojaa mkojo unapata mkojo wenye manukato. Jirani yangu mwenye asili ya Pemba, mama mwenye nia njema kabisa, alinishauri niache marashi ya dukani na nitie matone ya mafuta ya karafuu, na nusura nifuate, hadi nilipokumbushwa kwamba ini la paka halina uwezo wa kuvunjavunja vizuri kemikali za jamii ya fenoli, na mafuta ya karafuu yamejaa kitu hicho. Ningeyapuliza hewani kwa mashine, paka angeyalamba kutoka kwenye manyoya yake, na ningeishia kwa daktari wa mifugo. Wapo pia wanaoshauri kumwaga magadi ya kuokea kwenye zulia na kuyafyonza. Kiasi kidogo sina ugomvi nacho, ila unga ule ni mwembamba sana, na ukizidi huziba vichujio ambavyo, nakumbusha tena, hapa haviuzwi.

Fundi wangu wa mtaani naye alijaribu, na yeye simlaumu kwa sababu hakuniuzia kitu. Alisikia habari za mkaa, akachukua mkaa wa jikoni, akauponda, akautia kwenye soksi ya mtoto na kuibana soksi nyuma ya mota. Mkaa wa jikoni haujasindikwa kwa kazi hiyo na vitundu vyake ni vichache. Tulipoiwasha, vumbi jeusi lilitoka kwa mstari ulionyooka hadi kwenye pazia jeupe la sebuleni, na fundi akasema taratibu, "Hapa tumekosea."

Kinachoniuma zaidi ni mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Tanga kukaa nasi tangu mwanzo wa mwaka. Anaswali katika chumba chake juu ya zulia dogo, na kwake jambo hili limevuka mipaka ya harufu. Paka mwenyewe si najisi, hilo analijua kuliko mimi, na jike letu hulala miguuni pake. Lakini mkojo ni najisi, na mashine inayobeba mabaki ya mkojo na kuyapuliza chumbani haiwezi kumwachia moyo mweupe. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo mashine yako isiingie humu," akaomba ufagio wa chelewa. Mimi nimetoa laki tatu na themanini na tano, na mama wa miaka sabini na moja anainama kufagia.

Ninachodai hakina ugumu. Nataka kichujio cha kubadilisha kwa bei yake halali, na kama hakipo, warudishe fedha zangu, kwa sababu mashine ambayo sehemu yake inayochakaa haipatikani nchini imeuzwa ikiwa tayari imekufa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo, na kwa kuwa karatasi zile hufifia nimeshaipiga picha. Nimepiga picha pia maandishi ya boksi, ukurasa wa kitabu wenye namba ya spea, na chupa ya marashi ikiwa rafuni. Nikizungushwa tena nitapeleka vyote Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na sioni upotoshaji ulio wazi kuliko huu.

Aliyewahi kupata vichujio vyenye mkaa vya mashine zisizo na mfuko, Kariakoo au hata kwa kuagiza Dubai, naomba aandike hapa chini bei na muda aliosubiri. Jina la duka sitaliandika kwa sasa, na naomba msinibembeleze. Kichujio changu kiko ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, limekaa barazani juani tangu Jumatatu. Jumamosi saa nne asubuhi, muda ambao duka linajaa wateja, nitalifungulia juu ya kaunta yao.