Tupeane uzoefu: ni lini ulibadili mawazo yako kuhusu Hakeem Olajuwon?

Kahawa Chungu (mleta mada)

Wakuu, juzi kijiweni ubishi ulikolea mpaka kahawa ikapoa. Dogo mmoja wa mwaka 2001 alitaja masenta wake watano bora wa muda wote wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani (senta ndiye yule mrefu anayecheza karibu na ringi), Hakeem wa Houston hayumo. Nikamuuliza kulikoni. "Mzee, pete mbili tu za ubingwa, na zote Michael Jordan hayupo." Nilikasirika kweli. Halafu nikiwa kwenye daladala narudi zangu Tabata nikakumbuka kwamba maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 1998, nimevaa jezi ya mtumba namba 23, ya Jordan.

Kwa hiyo sitaki orodha hapa. Nataka visa. Ulimpandisha au ulimshusha lini, na kitu gani kilikufanya.

Naanza mimi. Nilikuwa mtu wa Jordan kwa sababu posta zilizokuwa zinauzwa Kariakoo zilikuwa za Jordan, basi. Ligi yenyewe nilikuwa naisoma kwenye magazeti ya zamani. Siku moja, umeme umekatika na sina la kufanya, nikachukua daftari nikaandika njia waliyopita Houston mwaka 1995. Waliingia mtoano wakiwa wa sita Magharibi, ushindi 47, vipigo 35. Raundi ya kwanza wakakutana na Utah yenye ushindi 60. Ya pili Phoenix, 59. Fainali ya Magharibi San Antonio, 62. Fainali yenyewe Orlando, 57. Utah waliwaongoza 2-1, wakageuza. Phoenix waliwaongoza 3-1, wakageuza. Hakuna bingwa mwingine aliyewahi kuanzia nafasi ya chini hivyo.

Nikaitazama ile karatasi kwa mshumaa. Na hilo la Jordan hayupo: 1994 sawa, alikuwa kwenye besiboli. Lakini alirudi Machi 1995 na akacheza mtoano. Waliomtoa ni Orlando, 4-2. Orlando hao hao Houston wakawafagia 4-0. Kuanzia siku ile jezi yangu nikampa mdogo wangu.

Mguu wa Pivoti

Ninyi hesabuni pete, mimi naangalia miguu. Nimecheza netiboli Mwanza tangu darasa la tano, na kwenye netiboli ukishadaka mpira mguu mmoja umeshaganda pale, huna ruhusa ya kutembea. Unajifunza kuishi kwa mguu mmoja. Nilipohamia kikapu kidato cha tatu wenzangu walikuwa wananipita mbio na urefu, ila nikipata mpira nimeipa ringi mgongo walikuwa wananiogopa.

Kaka yangu akaniletea kanda ya mechi ya pili, Houston na San Antonio, 1995. Kabla ya mpira kuanza David Robinson, senta wa San Antonio, anakabidhiwa tuzo ya MVP (mchezaji bora wa msimu) mbele ya watu wake, ukumbi unalipuka. Halafu kuna ile moja. Hakeem anajifanya anaingia, anageuka, Robinson yuko naye. Anageuka tena kurudi alikotoka, Robinson bado yuko naye, na huyo Robinson si beki wa mchezo. Hakeem anainua mpira kama anarusha, Robinson anaruka. Robinson akiwa bado hewani, Hakeem anapita chini ya mkono wake na kuweka mpira taratibu kama anaweka chungu mekoni. Nilirudisha kanda mpaka ikaanza kukwaruza. Siku hiyo alifunga 41, na kwa mechi zote sita wastani ulikuwa 35.3.

Baadaye ndiyo nikasoma kwamba alikulia Lagos akicheza handiboli na kudaka golini kwenye soka, kikapu alikianza ukubwani. Nikasema nilijua tu! Ile miguu haikufundishwa kwenye kikapu.

Pete Ndiyo Kitambulisho

Mimi niko upande wa dogo, samahanini. Nilimshusha na sijampandisha. Mwaka fulani nilibishana na shemeji yangu mpaka tukaacha kuongea wiki nzima, akanipa kazi: tafuta miaka yote ya Hakeem, usiangalie miwili tu. Nikatafuta. 1988 katolewa raundi ya kwanza. 1989 raundi ya kwanza. 1990, 1991, vivyo hivyo. 1992 timu haikuingia mtoano kabisa. Miaka mitano ya mtu akiwa na nguvu zake zote. Halafu mnataka nimweke juu ya watu waliokuwa wanafika fainali kila mara?

Shemeji tumepatana. Msimamo uko pale pale.

Kahawa Chungu

Mkuu, umesoma matokeo hukusoma mechi. Hiyo 1988 dhidi ya Dallas alifunga wastani wa 37.5 na rebaundi (mipira iliyokosa ringi aliyoidaka) 16.8, wakatoka 3-1. Mwaka kabla yake, siku Seattle wanawatoa, alifunga 49 na rebaundi 25, mechi ikaenda muda wa nyongeza mara mbili. Ulitaka afanye nini tena, auze na tiketi? Na kama pete ndiyo kitambulisho, Robert Horry anazo saba.

Pete Ndiyo Kitambulisho

Horry mnamleta kila mkikosa hoja. Horry hakuwa nyota wa timu. Mimi nalinganisha nyota na nyota. Na Jordan wa 1995 alikuwa amecheza mechi 17 tu za ligi kabla ya mtoano, mwili haujarudi mchezoni. Msimhesabu.

Mwana wa Forodhani

Assalam alaykum. Changu si cha mtoano moja kwa moja lakini mtanivumilia.

Ramadhani ya 1995 ilianza mwanzoni mwa Februari. Nilikuwa timu ya shule, na aliyekuwa anatufundisha akatuambia anayefunga asije mazoezini, atazimia amtie matatani. Nikakaa nje mwezi mzima, namtazama aliyechukua nafasi yangu. Mwaka ule ule mjomba wangu akaja kutoka Muscat na jarida, ndani yake imeandikwa kwamba Olajuwon alifunga Ramadhani ile, akacheza mechi zake kama kawaida, na akatangazwa mchezaji bora wa mwezi. Wa Februari! Nililikata lile ukurasa nikalitia ndani ya msahafu wa bibi, alipolikuta akanigombeza, nilipomweleza akalirudisha mwenyewe.

Kwa hiyo ilipofika Juni na ubingwa wa pili, mimi sikuwa na haja ya hesabu za mtu.

Ngong Road

Salamu kutoka Nairobi. Mzee wangu hakuwa anajua kikapu hata kidogo, yeye ni mpira wa miguu tu. Juni 1994, Kombe la Dunia liko Marekani. Jumatano asubuhi redio inasema Nigeria imeipiga Bulgaria 3-0, mechi yao ya kwanza kabisa kwenye Kombe la Dunia, na imechezwa Dallas. Mzee hakunywa chai kwa furaha. Alhamisi asubuhi redio inasema Mnigeria mwingine amebeba ubingwa wa kikapu huko Houston, mechi ya saba, dhidi ya New York. Mzee akaniuliza, "Hiyo Texas ni ya Nigeria siku hizi?"

Mimi nilikuwa wa New York, nilimpenda sana Patrick Ewing. Mechi ya sita ndiyo iliyonivunja: Houston wanaongoza 86-84, John Starks anarusha ya pointi tatu ya kumaliza kazi, na anayeufikia ule mpira kwa ncha za vidole ni senta! Senta ametoka hadi nje kumkabili mtupaji. Nilimchukia Hakeem karibu miaka kumi kwa ajili ya vidole vile. Ewing hakupata pete mpaka anastaafu.

Chuki ilinitoka nilipogundua kwamba msimu ule alichukua MVP, beki bora wa mwaka, na MVP wa fainali. Zote tatu msimu mmoja. Hakuna mwingine, hata Jordan.

Dogo wa 2001

Naona nimechomwa huku. Mimi ndiye.

Wazee, sisi wenzenu tumeanza na LeBron. Fainali ya 2011 nilikuwa na miaka kumi, tunaamka saa kumi alfajiri kwa kaka, na nilimwona LeBron akipotea mbele ya Dallas, mechi moja kafunga pointi 8. Nililia. Kiangazi hicho akaenda Houston kujifunza kucheza akiipa ringi mgongo, mwalimu wake ni Hakeem. Mwaka uliofuata akachukua pete ya kwanza. Hilo nalijua siku nyingi na nilimheshimu kama mwalimu, sikuwahi kumtazama akicheza.

Jana usiku, baada ya Mzee Kahawa kunisema kijiwe kizima, nikatazama fainali ya 1995, mechi zote nne. Nilimfuata Shaq, senta wa Orlando, maana Shaq nimempanga wa tatu. Shaq alicheza vizuri, wastani 28. Hakeem 32.8, na kwenye kila mechi kati ya zile nne alimzidi Shaq pointi. Ya nne nimeimaliza adhana ya alfajiri inalia.

Bado ile 1992 inanisumbua, sidanganyi. Ila kwenye tano nitamwingiza. Shida ni nani anatoka: Kareem hatoki, Russell hatoki, Wilt mkimtoa baba yangu atanifukuza nyumbani. Nipeni mpaka Ijumaa.

Kahawa Chungu

Ijumaa kahawa ni juu yako.