MJADALA: Vijiji vinavyokufa Marekani, viachwe vife?

Wakuu, habari zenu.

Mwaka 1987 Frank na Deborah Popper, wa Chuo Kikuu cha Rutgers, walipendekeza sehemu kubwa ya nyanda kavu za katikati ya Marekani, zinazohamwa na watu, irudishiwe nyati. Ubishi haujaisha hadi leo. Wanaokubaliana nao wanasema trekta moja limechukua kazi ya watu wengi, vijana wamehamia mijini, kwa nini walipa kodi wagharimie barabara, shule na posta kwa ajili ya kaya chache? Soko limeshaamua.

Mimi napinga, hasa hayo maneno ya mwisho.

Chukueni Nicodemus, Kansas. Kilianzishwa 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao waliozaliwa utumwani. Walikuta uwanda mtupu, miti ya kujengea hakuna, wakachimba makazi ardhini na kuezeka kwa nyasi na udongo. Baridi ya kwanza iliwakuta hawana akiba. Wazao wao husimulia kwamba Waosage, wenyeji wa asili, waliokuwa wakitoka mawindoni ndio waliowagawia chakula. Baada ya miaka kumi hivi, pakawa na makanisa, maduka, hoteli, benki na magazeti mawili. Halafu 1888 reli waliyoisubiri ikapitishwa kusini, ng'ambo ya mto Solomon. Wafanyabiashara wakafungasha wakaifuata. Posta ilifungwa 1953.

Soko gani hapo? Kampuni ya reli ndiyo iliyochagua pa kupita. Na ardhi yenyewe serikali iliigawa, ekari 160 kwa mlowezi kwa sheria ya 1862, baada ya kuwaondoa wenyeji wa asili. Serikali iliyowaita watu kule haiwezi leo kusema mambo yao hayaihusu. Wakazi wa Nicodemus sasa ni wachache mno, lakini kila mwisho wa Julai wazao wao hurudi kusherehekea ukombozi, na tangu 1996 mahali hapo ni eneo la kihistoria la taifa. Hilo lisingewezekana kama pangeachiwa nyati.

Wapo wanaosema dawa ni utalii, na mfano wao ni Wall, South Dakota. Ted Hustead alinunua duka la dawa pale 1931, wateja wakawa wa kubahatisha, hadi mwaka 1936 mkewe Dorothy alipotoa wazo la mabango barabarani: maji ya barafu bure. Magari yakaanza kusimama, na yanasimama hadi leo. Ni juhudi ya kupongezwa. Ila Wall ipo mlangoni mwa hifadhi ya Badlands, njiani kuelekea Mount Rushmore, mlima uliochongwa nyuso za marais. Kijiji chenye mahindi tupu pande zote kitaweka bango la kuelekeza wapi?

Kwangu mimi kinachookoa ni watu wapya. Storm Lake, Iowa, imejaa wahamiaji kutoka Mexico, Laos na kwingineko, wanaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama, na watoto wao wamejaza shule. Kazi hiyo ni ngumu: unasimama kwenye ubaridi, kisu mkononi, mkato uleule zamu nzima. Ndiyo maana nasema wanaoubeba mji wapewe makazi na huduma zinazostahili.

Wapo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili katika viwanda vya namna hiyo. Mliopo huko, tuambieni: mngebaki na kulea watoto pale, au mnasubiri kuhamia mjini? Na anayetaka vifungwe aseme wazi, aanze na kipi?