Vikapu vya Krismasi mnachukua kwa mkopo, Januari hampokei simu. Huko ndiko kuunga mkono vya nyumbani?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Tena naandika sasa, kabla Desemba haijafika, kwa sababu ikishafika kila mtu atakuwa anarusha picha za zawadi na hakuna atakayetaka kusikia habari ya madeni.

Natengeneza vikapu vya zawadi hapa Dar. Ndani naweka korosho za Mtwara, asali ya Tabora na kahawa ya Moshi, na kikapu chenyewe ni kile cha Iringa cha milulu. Miezi mingine napata oda za harusi na send-off, hazinipi shida. Lakini kodi ya fremu na ada za watoto za Januari zinategemea Novemba na Desemba. Miezi hiyo ikiharibika, mwaka mzima umeharibika.

Msimu uliopita kampuni moja ya hapa mjini iliagiza vikapu 80 vya kuwapa wateja wake. Sitaji jina. Ofisa manunuzi akaleta LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, malipo ndani ya siku 30 baada ya kupokea mzigo. Bei tulikubaliana shilingi 65,000 kwa kikapu. Nikafurahi, nani asingefurahi? Mtaji wote sikuwa nao, nikakopa milioni mbili na nusu kwenye VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, riba asilimia 10 kwa mwezi, nikijua Januari narudisha.

Mzigo nikaupeleka kwa wakati. Ile wiki ya Krismasi wakapiga picha za vikapu vyangu vimepangwa mapokezi, wakaweka kwenye kurasa zao na maneno makubwa kwamba wanajivunia bidhaa za Kitanzania na wanawainua wajasiriamali wadogo. Watu wakawapongeza kweli kweli. Wakati huo mimi sijapata hata shilingi.

Januari napiga simu, "dada, mhasibu yuko likizo." Februari, "anayesaini amesafiri." Machi wananiambia invoisi haionekani, niipeleke upya. Nikaipeleka upya. Hela imeingia mwisho wa Aprili.

Sasa nifanyieni hesabu. Kikapu kimoja kinanigharimu 51,000: nusu kilo ya korosho 14,000, asali 10,000, kahawa 9,000, kikapu 15,000, na lebo, utepe na karatasi 3,000. Nauza 65,000, faida ni 14,000. Kwa vikapu 80 ni 1,120,000. Riba ya VICOBA kwa miezi mitano ni 1,250,000. Nimefunga vikapu usiku, nimekodi bajaji na kirikuu, nimebembeleza watu kwenye simu, halafu nimetoka na hasara ya 130,000, na hapo hata usafiri sijauhesabu. Waliofaidi ni wao, waliopewa pongezi kwa mali ambayo hawajailipia.

Msiniambie ndiyo biashara. Mwenye fremu yangu anataka kodi ya miezi sita mkononi, asubuhi, bila hadithi. Msukaji wa Iringa hapandishi kikapu kwenye basi hadi aone muamala. Mama wa Mtwara anayenibangulia korosho hana siku 30, hana hata siku tatu. Kwenye huu mnyororo wote, anayelipa mwisho ni yule mwenye hela kuliko sisi sote. Kampuni kubwa inakopeshwa na mwanamke mwenye fremu moja, bila riba, halafu inaitwa mdhamini wa wajasiriamali!

Na hao hao wanaponunua vikapu kutoka duka kubwa, vile vyenye biskuti za kopo, juisi ya boksi na chokoleti kutoka nje, wanalipa kaunta. Hakuna anayemwambia keshia "tutakulipa mhasibu akirudi". Hakuna anayemwomba ampunguzie kwa sababu anachukua vingi. Anasoma bei, analipa, anabeba. Kumbe hela ipo na utaratibu wa kulipa papo hapo upo. Mtu anayeweza kusubirishwa ndiye mimi.

Nije kwenu ndugu, jamaa na marafiki, maana na nyinyi mnaniumiza.

Mtu ananitumia ujumbe, "Dada, vikapu vyako vizuri sana, hongera, tunakuunga mkono. Bei ya mwisho ngapi?" Namwambia 65. "Nifanyie 45 bwana, mimi si mteja wa mtaani." Arobaini na tano! Hiyo iko chini ya gharama yangu kwa elfu sita. Anataka mimi nimchangie zawadi ya kumpelekea bosi wake. Nikikataa, ananuna, anaenda kununua kopo la biskuti kwa bei iliyobandikwa.

Mwingine atakubali bei, halafu atatuma 65,000 kavu bila ya kutolea, na kikapu anataka kiletwe hadi Goba kwa hiyo hiyo hela. Mwingine ni ndugu wa damu kabisa, anaomba cha bure cha kupeleka nyumbani. Desemba mnaijua, watu wanapanda kwenda Kilimanjaro kuhesabiwa, stendi ya Magufuli pale Mbezi hapatoshi, mizigo kila mahali. Zawadi nyingi za wazee ninazoziona zikipanda humo zimetoka nje ya nchi. Mzee wa Kibosho aliyelima kahawa maisha yake yote anapelekewa kahawa ya unga ya kopo kutoka Ulaya. Kahawa yake mwenyewe, iliyokaangwa na kufungwa vizuri na kijana wa Moshi mjini, hakuna aliyemkumbuka nayo. Hili linanichoma kuliko hata lile deni.

Halafu mnasema bei zetu ziko juu. Mnajua korosho inavyofika mezani? Kupata kilo moja ya korosho safi unabangua kilo nne hivi za ghafi. Ganda lake lina mafuta makali yanayochubua ngozi, nenda kaangalie vidole vya akina mama wanaobangua kwa mkono. Wanajipaka majivu au mafuta na bado vinachubuka. Ukishabangua unakausha, unamenya lile ganda jembamba la ndani, halafu unachambua, nzima kwake na vipande kwake. Mnaponunua zawadi mnataka nzima tupu, nyeupe, zilingane. Sawa, nitawapa. Lakini msinilinganishe na bei ya ghafi mliyoisikia kwenye taarifa ya mnada wa Tandahimba! Korosho zetu nyingi zinaondoka zikiwa na ganda kwenda India na Vietnam. Hizi chache zinazobanguliwa hapa ndizo zinazowapa hao akina mama kazi, na msimu wake mpya unaanza Oktoba, yaani zinakuwa mpya kabisa wakati wa Krismasi. Hakuna zawadi ya mwisho wa mwaka iliyo mpya kuliko hiyo.

Na asali. Jamani, asali. Kila msimu lazima mtu mmoja anirudishie chupa, "imeganda, mmeweka sukari." Asali halisi inaganda, hasa kukiwa na baridi au ikikaa muda mrefu. Iweke chupa ndani ya maji ya vuguvugu, isichemke, itarudi kuwa majimaji. Nimeandika hivyo kwenye lebo. Asali ya miombo ya Tabora nainunua katikati ya mwaka inapovunwa, naihifadhi miezi mitano kusubiri nyie, hela yangu imelala humo. Halafu naambiwa mimi tapeli.

Nafahamu kuna watakaokuja hapa chini kusema wajasiriamali wetu hawana ubora, lebo zinabanduka, oda zinachelewa. Wapo, sikatai, na mteja aliyecheleweshewa ana haki ya kulalamika. Lakini mimi nimepita mafunzo ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, asali yangu ina alama ya ubora ya TBS, mzigo wa vikapu 80 niliufikisha siku tuliyokubaliana. Ubora wangu ulinisaidia nini mbele ya mhasibu aliye likizo? Lebo nzuri inanunuliwa kwa hela. Mashine ya kufungia inanunuliwa kwa hela. Ukinikalia na milioni tano laki mbili hadi Aprili, mwakani utakutana na lebo inayobanduka, na utasema si uliona.

Wengine watanishauri nikachukue mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato inayogawiwa wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Hauna riba, ni kweli, na kikundi chetu kimeomba. Lakini mkopo nao unarejeshwa kila mwezi. Nitarejesha na nini kama walionunua hawajalipa? Hata sheria ya manunuzi ya umma imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu kama hayo, jambo zuri sana, ila kupewa oda bila kulipwa ni kuongezewa deni. Na kampuni binafsi hata hiyo sheria haiwagusi, wao wanaongozwa na utu wao tu.

Kuna jambo jingine la aibu na nitalisema. Ofisini ukifikisha profoma, ile karatasi ya bei kabla ya oda, mara nyingine anayeipokea anakuuliza kwa sauti ya chini, "na mimi umenifikiriaje?" Faida yangu ni 14,000. Nikikufikiria wewe, mtoto wangu nimfikirie na nini? Wenye kampuni, kama mnasoma humu, ulizeni ofisi zenu za manunuzi kwa nini kila mwaka vikapu vinatoka kwa msambazaji yule yule.

Kwa hiyo mwaka huu nimebadilisha utaratibu na nauweka hapa hadharani. Oda ya ofisi, nusu ya malipo wakati wa kuagiza, nusu siku ya kukabidhi, kabla kirikuu hakijashusha. LPO pekee sipokei, hata iwe na mihuri mitatu. Bei ni 65,000, ukichukua kuanzia vikapu 20 ni 62,000, chini ya hapo hakuna, hata uwe shemeji. Usafirishaji analipa mteja. Ndugu wanaotaka cha bure, mtapata korosho vipande za kutafuna tukikutana, kikapu hapana.

Wengine mnaofanya biashara kama hii, wa batiki, wa vinyago pale Mwenge, wa viungo kutoka Unguja, wa sabuni za mwani, naomba mje mseme na nyie mnadaiwa au mnadai kiasi gani tangu msimu uliopita. Msitaje majina ya kampuni, andikeni tu ni mwezi wa ngapi walilipa, kama walilipa.

Na kwa wanaotaka kununua kweli, oda nafunga tarehe 5 Desemba. Baada ya hapo mabasi ya Iringa yamejaa abiria na parseli, vikapu vinakwama stendi, na sitachukua hela ya mtu kwa mzigo ambao sina uhakika nao.