Tulale wapi Durban kabla ya kupanda meli?

MamaMwalimu (Kisumu)

Habari zenu nyote. Namtafuta mtu anayeijua Durban kwa miguu yake, si kwa picha za mtandaoni.

Mimi na mzee wangu tumestaafu ualimu, na watoto wetu wamechangishana wakatukatia tiketi ya meli ya utalii inayong'oa nanga Durban, Afrika Kusini, Jumatatu moja ya Januari, iende Pomene kwenye pwani ya Msumbiji na kurudi. Tunafuatana na mama mkwe. Ana miaka 81, goti la kushoto limechoka, lakini kichwa chake kiko timamu kabisa. Alizaliwa kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria amelivuka tangu akibebwa mgongoni, na neno lake ni moja tu: anataka kuona maji yasiyo na ng'ambo. Safari ni yake, sisi tunamsindikiza. Ndiyo maana suala hili la malazi linaninyima usingizi.

Tutaruka Kisumu hadi Nairobi, Nairobi hadi Johannesburg, kisha Durban. Tunatarajia kufika Jumamosi jioni, kwa hiyo tuna usiku wa Jumamosi na wa Jumapili wa kulala kabla ya meli.

Hapa nyumbani hatujakubaliana. Mzee anataka Umhlanga, kwa sababu muumini mwenzetu alikwenda huko kwa mkutano akarudi akisifu utulivu wake, na kwamba hakuko mbali na uwanja wa ndege. Binti yetu anataka tukodi nyumba Morningside, karibu na Florida Road, ili nipate jiko la kumpikia bibi yake uji. Mimi nataka karibu na bandari. Huku kwetu, anayetaka kuvuka kwenda Mbita kwa feri ya kwanza hulala Luanda K'Otieno, pale pale feri inapoondokea. Ukitoka Kisumu alfajiri, unaanza kumwomba Mungu kwa ajili ya matatu. Na feri ikikuacha, utangoja nyingine. Hii meli ikituacha, ndiyo basi.

Lakini naambiwa maeneo ya bandari ya Durban si mahali pa kuwapeleka wazee. Je, ni kweli? Na tukitolewa chumbani saa nne asubuhi na zamu yetu ya kupanda meli ni mchana, tutakaa wapi na mizigo na mama wa miaka 81?

Mlagoli_wa_Kakamega

Mwalimu, hongereni, hao watoto mmewalea vizuri. Mimi nimefanya kazi ya mizigo pale Durban, na naunga mkono mzee wako. Umhlanga mtalala bila wasiwasi. Uwanja wa ndege wa King Shaka uko kaskazini mwa mji, kama kilomita 35 kutoka katikati, na Umhlanga iko njiani, kwa hiyo Jumamosi usiku mtafika kitandani mapema. Kuna njia nzuri ya kutembea kando ya bahari, kuna ule mnara mwekundu na mweupe wa kuongozea meli, na maduka yako karibu. Jumatatu mnaita teksi, mnashuka mjini. Mjini kwenyewe mimi nisingewaweka wazee. Jua likitua mitaa ya nyuma ya ufuko si ya mgeni, na hilo nasema kwa kuwa nimeishi huko.

NesiWaSiaya (Durban)

Mama Mwalimu, shikamoo, na umfikishie bibi salamu zangu. Mimi ni wa Siaya, nauguza hapa Durban, na njia ya kwenda kazini inanipitisha ufukweni. Nitakujibu kama ningemjibu mama yangu mzazi.

Kaka wa Kakamega anasema kweli kuhusu usiku, na kuhusu Umhlanga pia. Mngekuwa mnakuja kupumzika wiki nzima, ningewapeleka huko mwenyewe. Lakini nyinyi mna kazi moja tu Durban, nayo ni kuingia melini mkiwa mmepumzika. Umhlanga hadi kituo cha meli ni karibu kilomita 20, na Januari mwanzoni shule bado zimefungwa, familia kutoka Johannesburg na miji mingine ya ndani ya nchi zimejaa ufukweni. Barabara ya M4 inayoshuka mjini huwa nzuri siku nyingi, ila siku ya kupanda meli sitaki mtegemee "siku nyingi".

Morningside iondoeni kabisa. Florida Road ni mtaa wa mikahawa na vijana, una vilima, na nyumba nyingi za kukodi zina ngazi mlangoni. Usiku kukitokea shida ya goti au presha hakuna mtu wa mapokezi wa kupigia simu. Uji mama atapata. Hoteli karibu zote huku huwa na uji wa shayiri au wa mahindi asubuhi, na ukiomba ufanywe mwepesi watafanya.

Sasa bandari. Kituo kinaitwa Nelson Mandela Cruise Terminal na kiko mtaa wa Point, kwenye ncha ya kusini ya ufuko. Point ina sura mbili. Upande wa Point Waterfront, jirani na uShaka Marine World, bustani ya viumbe wa baharini, kuna majumba mapya, mifereji ya maji na walinzi. Mitaa michache tu kutoka hapo, ukielekea Mahatma Gandhi Road, ni mji mwingine: majengo yaliyochoka, watu wamekaa tu vibarazani, na teksi yako itakuwa haitaki kusimama. Mkipata chumba upande wa Waterfront, sawa. Lakini jioni pametulia mno na pa kula ni pachache, na mama hatafaidi chochote dirishani isipokuwa majengo.

Mimi ningelala North Beach, ufukweni hapa mjini, usiku zote mbili, hoteli moja, bila kuhama. Msimhamishe mtu wa miaka 81 kutoka kitanda kimoja kwenda kingine Jumapili eti kwa sababu mnataka kuonja Umhlanga kwanza. Pale kuna hoteli kubwa za ghorofa, kama Elangeni na Maharani au Garden Court ya Marine Parade, mlango wa mbele unatazama bahari, kuna walinzi na kuna watu. Kutoka hapo hadi kituo cha meli ni mwendo mfupi wa gari kandokando ya ufuko.

Omba chumba cha juu kinachotazama bahari, na ulipie tofauti hiyo hata kama mtabana mahali pengine. Akifungua pazia Jumapili asubuhi, mama ataona Bahari Hindi yote, na kwa mbali ataona meli za mizigo zimetia nanga zikingoja zamu ya kuingia bandarini. Njia ya miguu ya ufukweni ni pana na tambarare, inakwenda kama kilomita 8 kutoka Blue Lagoon hadi mdomo wa bandari, na utampeleka hata kwa kiti cha magurudumu. Asubuhi imejaa wakimbiaji, wenye baiskeli, vijana wa kuteleza juu ya mawimbi, na wale wavuta riksho wa Kizulu wenye mapembe na shanga kichwani. Muende saa kumi na mbili au saa moja, kabla ya jua kali. Mchana Januari ni joto la kunata, na mvua hupenda kunyesha alasiri. Jua likizama, rudini ndani, na mkitaka kwenda mahali iteni Uber au Bolt hadi mlangoni. Hilo si la kuogopesha, ndivyo sisi wenyewe tunavyoishi.

Jambo moja ambalo watu hawaulizi na mimi nauliza kwa sababu ya kazi yangu: bafu. Hoteli nyingi za zamani za ufukweni zina beseni refu la kuogea na bomba la mvua juu yake. Mtu mwenye goti bovu analazimika kuinua mguu juu ya kingo inayofika karibu na goti lenyewe, akiwa ameshika ukuta wenye maji. Wazee wanaanguka hapo. Usitume barua pepe, piga simu mapokezi uulize: "Kuna chumba chenye bafu la kuingia moja kwa moja, bila kupanda, na chuma cha kushikilia?" Wakisema kipo, waambie waandike kwenye nafasi yenu. Ukifika, kikague kabla hujafungua begi. Uliza pia kama jenereta yao huendesha lifti umeme ukikatika, maana chumba cha juu bila lifti ni kifungo.

Kuhusu kutolewa saa nne: hoteli hizi zina chumba cha kuhifadhi mizigo na sebule yenye kiyoyozi, bure kwa wageni wao. Mnaweza pia kuomba kuongezewa saa mbili, wengine hukubali bila malipo ukiwaeleza una mzee.

Msafiri_Nakuru

Nakubaliana na Nesi, nami naongeza yale ya njiani, kwa sababu hoteli nzuri haimsaidii aliyekwama Johannesburg.

Kwanza, kadi ya manjano. Afrika Kusini inaidai kwa anayetoka Kenya, na sindano ya homa ya manjano huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa, si siku hiyohiyo. Kwa bibi wa miaka 81 muone daktari kwanza, si mapema mno kuanza leo, kwa sababu chanjo hiyo huangaliwa kwa makini kwa wazee, na ikibidi daktari huandika cheti cha kumwondolea. Kadi au cheti hicho kaeni nacho mkononi pia mkirudi Durban kutoka Msumbiji. Viza ya Afrika Kusini hamhitaji. Tangu Januari 2023 sisi Wakenya tunaingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka.

Pili, Johannesburg mtachukua mabegi yenu wenyewe, mpite forodhani, kisha muyakabidhi tena kwa ndege ya Durban, hata kama Nairobi walibandika karatasi iliyoandikwa Durban. Uwanja wa O.R. Tambo ni mrefu kwa mwenye goti. Ombeni kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, na mpumue angalau saa tatu kati ya ndege mbili.

Tatu, hoteli nyingi hushikilia amana kwenye kadi mnapoingia. M-Pesa haitawafaa pale kaunta. Beba kadi ya benki yenye pesa ya ziada, na adapta ya plagi zao kubwa za pini tatu za mviringo, la sivyo simu zitazima.

MamaMwalimu (Kisumu)

Nimewasomea wote hapa mezani, na mzee mwenyewe amesema Umhlanga tumuachie muumini mwenzetu. Tumeafikiana North Beach, usiku zote mbili. Binti amepiga simu mchana huu. Hoteli ya kwanza walijibu kwamba vyumba vyao vyote vina beseni, ya pili wana viwili vya kuingia moja kwa moja, kimoja ghorofa ya tisa upande wa bahari, nacho wametushikia hadi Ijumaa. Jenereta yao huendesha lifti. Kaka wa Kakamega, la usiku nimelishika vilevile, hatutatoka baada ya jua kuzama.

Bibi kasikia habari za meli zinazongoja nje, ameuliza kama atapewa kiti dirishani.

Nesi, mwanangu, limebaki moja. Kiti cha magurudumu siku ya meli tukiombe wapi, hotelini au kwa wenye meli?

NesiWaSiaya (Durban)

Kwa wenye meli, Mama, na muombe sasa hivi, si siku ya kusafiri. Aliyewauzia tiketi awaandikie kwamba kuna abiria anayehitaji msaada wa kupanda. Mkifika Point mtamtaja kwa mlinzi wa kwanza langoni. Tena, mabegi makubwa mtayakabidhi pale chini na yatawafikia kabini baada ya saa kadhaa. Dawa za bibi, pasipoti, kadi za manjano, miwani na nguo moja ya kubadilisha viwe kwenye mkoba wa mkononi. Vibandiko vya mabegi vichapisheni huko Kisumu na mvifunge mkiwa hotelini Jumapili usiku, maana kutafuta printa Jumatatu asubuhi ni kupoteza muda.

Jumapili nitakuwa zamu ya usiku, asubuhi niko huru. Mkikubali, nitakuja kuwasalimu na kumsukuma bibi hadi mdomo wa bandari.